Tela Halitulizwi kwa Usukani

Katika mijadala ya usalama barabarani nchini Tanzania, hasa ile inayohusu barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, umejengeka msimamo ambao umerudiwa mara nyingi kiasi cha kuonekana hauhitaji tena kuthibitishwa. Msimamo huo unashikilia kwamba tela linaloyumba, yaani linalopepesuka kulia na kushoto nyuma ya gari linalolivuta, ni mtihani wa dereva: mzoefu atalirudisha kwenye mstari kwa wepesi wa mikono yake, na asiyejua kazi atapinduka nalo. Imani hiyo imezaa mambo mawili. La kwanza ni kwamba udereva wa kujihami, ambao ni mwenendo wa kuendesha kwa kuitarajia hatari kabla haijajitokeza, umefikiriwa kuwa ni ustadi wa kuikabili hatari ikishafika. La pili ni kwamba ajali ya tela hufungwa kwa maneno mawili tu, uzembe na mwendokasi, na baada ya hapo hakuna anayeuliza mzigo ulipangwa na nani, wala ulipangwaje. Makala haya yanaupinga msimamo huo kuanzia kwenye mizizi yake. Kuyumba kwa tela huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla injini haijawashwa, na mikono ya dereva, hata iwe mahiri kiasi gani, huingia katika jambo hilo ikiwa imechelewa, tena mara nyingi huingia kulizidisha.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane tela huyumba kwa njia gani. Tela linapopigwa na upepo wa pembeni, kama ule unaovuma katika uwanda wa Makambako, au linaposukumwa na hewa ya basi linalopishana nalo, au tairi za upande mmoja zinapoangukia shimoni, sehemu yake ya nyuma husogea kando na tairi zake huviringika zikiwa zimeelekea upande tofauti kidogo na ule gari linakokwenda. Tofauti hiyo ndogo ya uelekeo huzifanya tairi ziisukume lami kwa ubavu, na msukumo huo hulirudisha tela katikati; lakini kitu chenye uzito wa tani kadhaa hakisimami katikati kwa kuambiwa, bali hupitiliza, na msukumo huanza upya kutoka upande wa pili. Katika mwendo mdogo kila mpigo huwa mdogo kuliko uliotangulia, na baada ya mipigo miwili au mitatu tela hutulia lenyewe bila dereva kujua kwamba kulikuwa na jambo. Kadiri mwendo unavyoongezeka, uwezo huo wa kufifisha mtikisiko hupungua, mpaka hufikiwa kasi ambayo hapa itaitwa kasi kikomo, ambapo mipigo haififii tena. Juu ya kasi hiyo kila mpigo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, kwa sababu mtikisiko sasa unajilisha kutoka katika nguvu ya mwendo wa gari lenyewe, na hauhitaji tena upepo uliouanzisha.

Kinachopanga kasi kikomo iwe wapi si leseni ya dereva. Ni mahali kilipo kitovu cha uzito wa tela, yaani ile nukta ambayo uzito wote ungeweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Ni jinsi mzigo ulivyotawanywa, kwa kuwa tani zilizorundikwa mbele kabisa na nyuma kabisa hulifanya tela liwe gumu kusimamishwa likishaanza kuzunguka, kuliko tani hizohizo zikiwekwa karibu na ekseli. Ni upepo wa tairi, kwa sababu tairi laini huchelewa kutoa msukumo wa ubavu. Na ni uwiano kati ya uzito wa tela na uzito wa gari linalolivuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walitumia tela la majaribio ambalo uzito wake uliweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali, na wakaonesha kwamba mpangilio wa uzito una nguvu kubwa juu ya utulivu wa tela.

Mazoea ya kuvuta matela madogo kwa magari ya familia katika nchi zilizoendelea yanasema hivyohivyo kwa njia nyingine. Nchini Marekani kanuni ya kawaida ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee kwenye kiungio cha gari linalovuta, ili kitovu cha uzito kibaki mbele ya ekseli. Barani Ulaya uzito huo wa mbele huwa mdogo zaidi, na viungio vingi vya magari madogo haviruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100; lakini Ujerumani inamwamuru anayevuta tela asizidi kilomita 80 kwa saa, na hata kwenye barabara zake za haraka humruhusu kufika 100 kwa masharti tu, mojawapo likiwa kwamba tairi za tela zisiwe na umri wa zaidi ya miaka sita. Anayepunguza uzito wa mbele hulipia kwa kupunguza mwendo. Hakuna upande wowote kati ya hizo mbili uliodhani kwamba tofauti hiyo ingeweza kufidiwa na mikono ya dereva.

Hapo ndipo inapovunjika nguzo ya kwanza ya msimamo unaopingwa. Mpigo mzima wa lori lenye tela, kutoka kushoto hadi kulia na kurudi, huchukua takriban sekunde 2, na wa tela dogo nyuma ya pikapu huwa mfupi zaidi. Dereva wa kawaida, aliye macho na asiyechoka, huhitaji kama robo tatu ya sekunde ili atambue kilichotokea kwenye kioo na aanze kuzungusha usukani. Kisha gari lenyewe huchukua muda kuitikia usukani. Kisha mwitikio huo lazima upite kwenye kiungio na kulifikia tela. Muda huo wote ukijumlishwa, sahihisho hulifikia tela wakati tela limeshageuka na linakwenda upande mwingine, na kwa hiyo badala ya kulizuia hulisukuma lielekee kulekule linakokwenda, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila anapoanza kuteremka. Dereva mwepesi na mwenye ari hufanya kosa hili kwa nguvu zaidi kuliko mvivu. Mtu anayeshika usukani bila kuutikisa na kuondoa mguu kwenye mafuta, ambaye kwa macho ya watazamaji haonekani kufanya lolote la kishujaa, huliachia tela nafasi ya kushuka chini ya kasi kikomo na mtikisiko wake kujifia.

Kinyume chake ni ule ushauri unaopokezwa vijiweni na wakati mwingine hata darasani, kwamba tela likianza kucheza dereva akanyage mafuta ili alinyooshe. Ushauri huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana hauishi: kiungio kikivutwa kwa nguvu, tela huelekea kunyooka nyuma ya kinacholivuta. Lakini hesabu ndogo inautupa nje kabisa kwa upande wa malori. Injini ya nguvu farasi 400, sawa na takriban kilowati 300, ikiwa inavuta msafara, yaani lori na tela lake kwa pamoja, wa tani 56 kwa kilomita 80 kwa saa, inaweza kutoa mvuto wa takriban kilonyutoni 13.5 tu, na mvuto huo ukigawanywa kwa uzito wote hutoa mchapuko, yaani ongezeko la kasi, lisilofika robo ya mita kwa sekunde katika kila sekunde, kabla hata ya kutoa ukinzani wa hewa na wa tairi. Baada ya kuutoa hubaki kiasi ambacho hakiwezi kunyoosha chochote. Kwenye mteremko hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tela hulisukuma lori badala ya kuvutwa nalo, na kiungio kinachobanwa badala ya kunyooshwa hukaribisha kujikunja, ambako ni kule kichwa cha lori na tela kukutana kama kisu kinachofungwa. Pikapu yenye tela dogo, kwa kweli, ina ziada ya nguvu ya kukanyaga; ila kila kilomita inayoongezwa huisogeza karibu na kasi kikomo, au huipeleka mbali zaidi juu yake. Ushauri huo, basi, haufanyi kazi pale usipodhuru, na hudhuru pale unapofanya kazi.

Umbo la msafara nalo lina neno lake, tena pengine kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Madereva wa Tanzania hutofautisha semi, ambayo ni kichwa kinachobeba sehemu ya mbele ya tela mgongoni mwake, na puling, ambayo ni lori lenye bodi yake ya mzigo linalovuta tela kamili kwa mhimili wa mbele. Semi ina sehemu moja ya kukunjika. Puling ina mbili. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwa kina jambo ambalo linaweza kuitwa ukuzaji wa nyuma: dereva anapokwepa kitu ghafla, mchapuko wa pembeni unaoipata sehemu ya mwisho ya msafara huweza kuwa mkubwa kuliko ule unaokipata kichwa. Kwa semi ya kawaida tofauti ni ndogo. Kwa misafara yenye viungio vingi mchapuko wa nyuma huweza kufika mara mbili ya ule wa mbele au kuuzidi. Dereva aliye kwenye kabini huhisi kukwepa kwa kawaida, hali tela la nyuma yake liko ukingoni mwa kupinduka, na anapolihisi, tairi za upande mmoja zimekwisha kuiacha lami. Kumwambia mtu kama huyo kwamba alipaswa kuhisi mapema ni kumdai taarifa ambayo gari halikumpa.

Kizingiti cha kupinduka, yaani kiasi cha mchapuko wa pembeni ambacho gari linaweza kustahimili kabla ya kulala, hutegemea upana wa nafasi kati ya tairi ukilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito. Lori lililopakiwa mzigo mrefu mara nyingi halifiki asilimia 40 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 150 ikikatwa kwa kilomita 60 kwa saa hudai asilimia 19. Ikikatwa kwa kilomita 80 hudai karibu 34. Ongezeko la theluthi moja ya mwendo limekaribia kuizidisha hatari maradufu, kwa kuwa kasi huhesabiwa kwa kipeo cha pili. Anayesema mwendokasi ni tatizo hajakosea. Amekosea anapodhani kwamba kuna mwendo mmoja ulio salama kwa wote. Sheria ya Tanzania huyawekea magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Lakini tela lililopakiwa vibaya linaweza kuwa na kasi kikomo iliyo chini ya hapo, na dereva wake anaweza kuitii sheria barabara nzima na bado ayumbe.

Ni nani basi anayechunguza mpangilio wa mzigo? Jibu la haraka hutolewa kwamba mizani ipo. Kweli ipo, Vigwaza, Mikese na kwingineko, nayo inasimamia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyoweka kikomo cha tani 56 kwa msafara mzima. Lakini mizani hiyo imewekwa kuilinda barabara. Msingi wake wa kitaalamu unarudi kwenye majaribio ya barabara yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, yaliyobaini kwamba madhara ya ekseli kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Mzani husema ekseli inaikandamiza lami kwa kiasi gani; hausemi mzigo umesimama kwa kimo gani. Tani 28 za shaba kutoka Zambia au Katanga, kama zingetandazwa sawasawa juu ya sakafu ya tela la mita 12, zingekuwa na unene wa sentimita 11 hivi. Tani 28 za mbao za Mafinga juu ya sakafu ileile huinuka karibu mita 2. Mzani huweza kuyapa magari hayo mawili tarakimu zilezile na stakabadhi zilezile, ilhali moja linaweza kukata kona ambamo lingine litalala. (Shaba nayo ina hila yake: kwa kuwa ni nzito na huchukua nafasi ndogo, hurundikwa mahali pachache, na kosa la mita moja katika kuipanga ni kosa la tani kadhaa.)

Hali ya kontena ni ya kushangaza zaidi. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usafiri wa baharini zinadai uzito wa jumla wa kila kontena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, na hilo ni jema. Ila uzito wa jumla hausemi uzito huo uko wapi. Dereva hukabidhiwa kontena bandarini likiwa na lakiri, ambayo kuivunja ni kosa, na hivyo husafiri na kitu ambacho haruhusiwi hata kukitazama. Kontena likiwa limepakiwa kwa kuelemea nyuma, uzito unaokiangukia kichwa hupungua, tairi zinazosukuma hupoteza mshiko, na mvua ya kwanza ikinyesha msafara huanza kujikunja. Ni vigumu kuona uzembe wa dereva uliingilia wapi hapo.

Magari ya mafuta yana kasoro nyingine inayojulikana vizuri na wahandisi na ambayo ni nadra kutajwa katika taarifa za ajali. Kuta za ndani zinazoligawa tangi hupunguza mafuriko ya kimiminika kwenda mbele na nyuma, lakini hazizuii kuhamia kwake kushoto na kulia. Tangi lililojaa nusu, dereva anapokwepa ghafla, hupeleka uzito wa kimiminika chake upande mmoja katika wakati mbaya kuliko wote. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likiripotiwa kuwa lilikuwa likimkwepa mwendesha pikipiki, na moto uliofuata uliua watu zaidi ya 100. Mjadala wa kitaifa ulielekea, kwa sababu zinazoeleweka, kwa waliokwenda kuchota mafuta. Swali la kwa nini kumkwepa mwendesha pikipiki kunaweza kulilaza lori la mafuta halikupata nafasi iliyolistahili, ingawa ndilo linalohusu lori litakalopita hapohapo kesho.

Watetezi wa msimamo uliozoeleka huwa na tarakimu moja wanayoipenda, nayo inastahili kujibiwa moja kwa moja. Mwaka 2015 mamlaka ya taifa ya usalama wa barabara kuu ya Marekani ilitoa muhtasari wa ajali zilizochunguzwa kati ya mwaka 2005 na 2007, uliosema kwamba katika asilimia 94 ya ajali hizo sababu muhimu ilikuwa kwa dereva. Tarakimu hiyo imezunguka dunia ikinukuliwa kwamba asilimia 94 ya ajali husababishwa na binadamu. Muhtasari wenyewe ulieleza kwamba sababu muhimu ni tukio la mwisho tu katika mnyororo wa matukio, na ukaonya kwamba isichukuliwe kuwa ndiyo chanzo cha ajali wala kuwa ni lawama. Tena uchunguzi ulihusu ajali za magari madogo, si misafara ya tani 56. Anayeitumia tarakimu hiyo kumhukumu dereva wa semi amesoma kichwa cha habari na kuiacha hati.

Hata hivyo, pangeweza kudaiwa kwamba kama mikono ya dereva inachelewa, basi ifunzwe mpaka isichelewe. Norwe ilijaribu kitu cha aina hiyo kwa kuwapa madereva wapya mafunzo ya lazima ya kulikabili gari linaloteleza, na tathmini ya mwaka 1988 ilikuta kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye barabara za utelezi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mafunzo yaliongeza kujiamini kuliko yalivyoongeza uwezo, na mwenye kujiamini hupunguza tahadhari. Inafaa kukumbushwa pia kwamba udereva wa kujihami haukuzaliwa ukiwa ustadi wa mikono. Mfumo wa Harold Smith, ulioanza Marekani mwaka 1952 na ambao hadi leo hufundishwa katika kampuni nyingi za uchukuzi, una kanuni tano zinazohusu kutazama mbali, kuiona hali nzima, kuhamisha macho, kuacha nafasi ya kutokea, na kuhakikisha kwamba wengine wanakuona. Hakuna hata moja inayohusu wepesi wa mikono kwenye usukani.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye uzito zaidi: kwamba kuuhamisha mjadala kutoka kwa dereva ni kumpa kisingizio, na anayejua kwamba hatalaumiwa hataogopa. Lakini hoja ya makala haya haimwondolei dereva wajibu. Inauhamishia mahali anapoweza kuutekeleza. Yeye ndiye anayepaswa kupima upepo wa tairi, kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, kuutumia mkono wa breki ya tela kwa upole bila kuzifunga tairi zake, na kusimama penye usalama akague mzigo kila tela linapocheza, badala ya kujipongeza kwamba amelishinda. Lakini anayefanya hayo analipwa kwa safari, na mwajiri wake humuuliza kwa nini amechelewa. Kwa hiyo wajibu wake hauna maana kama hana haki ya kukataa mzigo. New Zealand ilikwisha kuweka sharti kwamba malori na matela mazito yaweze kustahimili angalau asilimia 35 ya mvutano wa dunia kabla ya kupinduka, na sharti hilo huligusa gari lenyewe, si yule aliye kabini tu. Katika majimbo mengi ya Australia sheria ya magari mazito inamtaja mtumaji mzigo, mfungaji, mpakiaji na mpangaji wa ratiba kuwa washiriki wa wajibu, na tangu Oktoba 2018 wajibu huo ni wa kuzuia, maana yake mpakiaji anaweza kushtakiwa kwa mpangilio mbaya hata kama gari lilifika salama. Dereva anayeondoka Bandari ya Dar es Salaam na kontena lenye lakiri hana cha kudai kinachofanana na hicho. Karatasi moja yenye mchoro wa mahali uzito ulipo na sahihi ya aliyeupanga ingetosha kuanzia, na gharama yake haifiki bei ya tairi moja.